Pointi Kumi na Nne

Lostine, Oregon
Juni 14

Mwanangu Corliss,

Hujambo? Mimi mzima, isipokuwa goti, na goti halihesabiwi.

Kaa chini kwanza. Tumepata! Karatasi ya bahati nasibu ya vibali vya kuwinda imekuja leo: baba na binti, kulungu dume mmoja kila mtu, kule juu milimani, kuanzia Oktoba 3. Nilipiga kelele mpaka jirani Wendell akadhani nyumba inaungua.

Mpango ni huu. Ufike Septemba 30. Kesho yake alfajiri tunapanda, wewe juu ya Pearl, maana nyumbu yule, chotara wa punda na farasi, hana papara zako, mimi juu ya farasi mwekundu. Mwendo wa saa saba, mpaka kile kibonde upande wa chini wa ziwa ambapo ulilia kwa baridi ukiwa na miaka tisa, kisha ukakataa kushuka. Siku mbili tunaangalia kwa darubini tu, hakuna kugusa bunduki. Jumamosi ndiyo siku yenyewe.

Nitabeba maharage, nyama ya chumvi na viazi. Wewe lete soksi za sufu na mdomo uliofungwa. Kulungu wana masikio.

Ulikubali siku tuliyomzika mama yako, na tangu hapo nangoja. Usiniangushe.

Baba yako

Portland
Julai 9

Baba mpendwa,

Habari za huko, na za hilo goti lisilohesabiwa? Mimi sijambo. Kutwa nzima niko ndani ya mashimo ya lifti nikizitengeneza, napanda na kushuka bila kufika popote.

Nakuja! Likizo nimeshaomba. Jioni napanda ngazi za ghorofa ishirini na begi la mchele mgongoni, kujizoeza mlima, na walinzi wananicheka. Ila kahawa nitapika mimi. Ile yako inafaa kulainisha ngozi za matandiko.

Nenda kwa daktari kabla ya safari. Tafadhali, baba.

Mwanao

Lostine
Agosti 20

Mwanangu,

Salamu nyingi. Daktari nimemwona. Alikuwa dukani ananunua chakula cha kuku, tukasalimiana.

Juzi nilipanda nusu ya njia na darubini. Yuko dume mmoja, pembe zake pana kuliko mlango wa jikoni kwangu. Huyo ni wako. Hema nimelishona palipochanika, na lile godoro la mama yako nimelianika juani, ulalie wewe.

Zimebaki siku arobaini na moja.

Baba yako

Portland
Septemba 21

Baba,

Natumaini u mzima. Simu hupokei, kwa hiyo naandika.

Siji. Fundi mwenzangu amevunjika mkono, na jengo letu jipya linakaguliwa wiki hiyohiyo. Bosi amesema nikiondoka nisirudi. Nimemwomba, nimemgombeza, wapi!

Panda na Wendell. Kibali chako ni chako, hakinihitaji mimi. Mpige yule wa pembe pana, uniandikie. Nisamehe.

Mwanao

Lostine
Oktoba 16

Mwanangu,

Hujambo? Barua yako ilifika mapema, usiilaumu posta. Sikukasirika.

Wendell alikuwa tayari kuja. Nikamwambia asijisumbue, binti yangu yuko njiani. Nilimdanganya, na sijui kwa nini. Tarehe mosi nikawatandika wanyama wote wawili, nikawapakia kwenye trela mpaka mwisho wa barabara, nikakaa garini na chupa ya kahawa ya watu wawili. Wawindaji wakapita na farasi wao. Mmoja akauliza, "Mzee, unamngoja nani?" Nikasema, "Binti yangu. Kachelewa kidogo." Mchana kahawa ikaisha, nikarudi nyumbani.

Juzi msimu ulifungwa. Bunduki sikuitoa. Goti litapasuliwa mwezi ujao, na daktari, safari hii hospitalini si dukani, anasema baada ya hapo farasi basi. Wendell anamtaka Pearl. Nimekubali.

Baba yako

Portland
Oktoba 29

Baba,

Unaendeleaje? Mimi si mzima, nimelia tangu jana.

Ofisi ya vibali imeniletea karatasi ya pointi. Miaka yote nilitia sahihi tu bila kusoma. Kila mwaka ukikosa, au ukiomba pointi tu bila safari, unapewa moja, na ukipata unarudi sifuri. Wewe ulikuwa na kumi na nne, mimi nne. Kwa kuwa tuliomba kwa fomu moja, walizijumlisha wakagawanya kwa mbili: tisa. Na tisa ndizo zilizotosha.

Kwa hiyo miaka minne iliyopita, siku tuliyomzika mama, tayari ulikuwa na kumi. Ungeomba peke yako ungepanda mwaka uleule, goti likiwa zima! Ukaniweka mimi kwenye fomu, nikakurudisha nyuma miaka minne, halafu sikuja. Kwa nini hukuniambia?

Mwanao

Lostine
Novemba 8

Corliss,

Salamu. Kesho napasuliwa.

Ningekuambia, ungesema, "Nenda tu, baba, mimi nitakuja mwakani." Nakujua. Kulungu nimewapiga wengi, mwanangu. Nilikuwa nataka mtu wa kukaa naye pale juu.

Sasa omba peke yako. Mimi usiniandike tena kwenye fomu.

Baba yako

Portland
Juni 13

Baba,

Barua tatu hujajibu, na Wendell anasema unatembea na fimbo na humtaki mtu. Hata hivyo, hujambo?

Matokeo yametoka. Nakala ya fomu yetu ya mwaka jana ilikuwa na namba zako zote, nikatujaza wawili. Tumekosa. Tuna pointi moja wewe, moja mimi.

Mwakani nitatujaza tena.

Mwanao

Lostine
Juni 20

Mwanangu,

Mimi mzima, fimbo haihesabiwi.

Wewe ni mjinga. Nimepiga hesabu: tukifikisha tisa nitakuwa na miaka themanini na moja. Peke yako ungeomba hata kilima cha karibu, ukapata upesi.

Jana nilikwenda kwa Wendell, polepole, nikamwambia namtaka nyumbu wangu. Akauliza wa nini, na mimi sipandi. Nikamwambia si wa kwangu.

Njoo umzoee. Njoo Julai, msimu si lazima. Godoro nimelianika tena juani.

Baba yako