Wamemvisha Bibi Hariri Nyekundu, Kisha Wakamfungia Geti

Mpendwa Mama Tuyet,

Kuna mlio mmoja haunitoki masikioni, tak! mlio wa kete ya mbao ikipigwa juu ya ubao wa sataranji, na naandikia safu yako ya ushauri kwa sababu mlio huo umezimwa nyumbani kwetu, na aliyeuzima anajiona mtoto mwema, nami nimekasirika, hivyo nishike mkono kabla sijatamka neno ambalo ukoo hautanisamehe.

Ninaishi kijijini na bibi mzaa baba, pamoja na baba mkubwa Luong na mkewe. Wazazi wangu wanafanya kazi kusini, mimi nilirudi hapa baada ya chuo kwa kuwa kazi yangu ya kutafsiri naweza kuifanya popote. Tet iliyopita, sikukuu yetu ya mwaka mpya, bibi alitimiza miaka themanini, akavishwa hariri nyekundu na kilemba chake, akakalishwa kwenye kiti mbele ya ukumbi wa kijiji, wanawe na wajukuu tukapanga mstari kumwinamia, na tangu siku hiyo hajaruhusiwa kufanya kitu chochote. Akishika ufagio mama mkubwa anamnyang'anya, "Acha, Mama, majirani watatuonaje?" Akitaka kwenda sokoni anaambiwa jua kali, balungi anamenyewa, samaki anatolewa miiba, na mchana kutwa mwanamke aliyefuga viwavi wa hariri tangu utotoni anakaa juu ya kitanda cha mbao sebuleni, mbele ya televisheni, kama sanamu ya hekaluni inayosubiri sadaka ya matunda.

Mvua zilipoanza akawa anauliza kama wali umeiva huku wali uko mdomoni mwake. Mimi akaniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Mama mkubwa akasema ni uzee tu, na wote wakazidi kumhudumia.

Halafu alasiri moja nikamkosa sebuleni, nikatoka mbio, nikamkuta kwenye geti la ukumbi wa kijiji ambako wazee wa kiume hucheza sataranji ya Kichina, amesimama nyuma yao na kofia yake ya majani. Mzee Can akapiga kete, tak! akamgeukia, "Bibi wewe, umetuletea chai au umekuja kutuchungulia?"

"Nataka kujua. Huyu tembo mbona havuki huu mto wa katikati ya ubao? Anaogopa maji?"

Wakacheka. "Tembo ni mlinzi wa nyumbani. Akivuka, jemadari atalindwa na nani?"

"Basi huyo jemadari wenu ni mwoga," bibi akasema, na akavuta kigoda.

Mama Tuyet, sikuwa nimemsikia akiuliza swali jipya kwa miezi! Nikamnunulia ubao wake. Kete zimeandikwa herufi za Kichina ambazo hajawahi kuzisoma, basi akawa anazichora kwa kidole kwenye chai iliyomwagika mezani, anakosea, anafuta, anachora tena. Akataka kujua kete ya mzinga inawezaje kuua kwa kuruka kichwa cha mwenzake. Akaanza hata kuuliza mimi natafsiri nini mchana kutwa. Nilicheza naye kila jioni, na kila jioni nilimwachia ashinde, maana ungemwona uso wake siku zile za mwanzo. Baadaye akawa anachoka haraka nikicheza naye, anapendelea kwenda kwa kina Mzee Can, nami nikamwacha aende.

Ndipo kwenye harusi moja mtu akamtania baba mkubwa mbele ya meza nzima, "Luong, siku hizi mama yako anawatafutia pesa ya nyama kwa sataranji?" Alirudi nyumbani ameiva usoni kwa aibu.

"Mama, una wana, una wajukuu. Unatafuta nini barabarani?"

"Natafuta farasi wangu. Can amemla."

"Watu wanasema nimekuacha uzurure!"

"Watu gani? Waite, waje tucheze."

Mimi nilicheka, na nikaona kicheko changu ndicho kilichomchoma zaidi. Akauchukua ubao, akaupandisha juu ya kabati la mizimu, kando ya picha ya babu, mahali ambapo msichana kama mimi hashushi kitu bila idhini ya mkubwa, kisha akafunga geti la nyumba yetu kwa kufuli. Bibi hakulia. Alirudi kwenye kitanda chake, na jana kaniuliza tena kama wali umeiva. Wananiambia nisome vitabu vyangu, niolewe, niache kuwafundisha heshima watu walionilea. Hivi kweli hii ndiyo heshima? Kumzika mtu akiwa amekaa? Nifanye nini?

Khue

*

Khue,

Hasira yako ni ya haki, na ningekuwa jirani yenu ningekuja kumwambia baba yako mkubwa usoni: mama si pambo la sebule. Mtu anayenyang'anywa ufagio, soko na balungi lake, halafu na maswali yake, amebakiziwa nini cha kuamkia? Luong haogopi mama yake achoke. Anaogopa meza ya harusi.

Sasa kaa chini, maana na wewe sijamaliza. Umeniandikia barua ndefu na nzuri kuhusu bibi yako, lakini hakuna mahali uliponiambia kwamba ulimuuliza anataka nini sasa. Na hilo la kumwachia ashinde, umeliandika kana kwamba nitakupongeza. Ulidhani haoni? Kwa nini anachoka kwako na hachoki kwa Mzee Can aliyemla farasi? Can anamchukulia kuwa mtu. Wewe ulimmenyea mchezo kama wengine wanavyommenyea balungi, binti. Ugonjwa ni uleule, tofauti ni kwamba wewe umesoma.

Kwanza, mpeleke hospitali apimwe, macho na masikio pia. Sataranji si dawa, na kusahau kuna sababu nyingi, nyingine zinatibika. Usijifanye daktari kwa sababu unatafsiri vitabu.

Ukirudi, zungumza na baba yako mkubwa mkiwa wawili, bila kicheko. Umemwaibisha, naye ni mtoto anayeogopa kumpoteza mama. Mwombe akae acheze naye hata mara moja. Akikataa, ubao ushushwe mchana kweupe, watu wakiona. Usiuibe. Anayeiba anakubali kwamba ni kosa.

Na ukicheza, cheza kweli.

Mama Tuyet

*

Wiki chache baadaye Khue aliandika tena:

Mama Tuyet,

Nilisoma jibu lako nikakuchukia siku nzima. Kisha nikamuuliza bibi anataka nini. Akasema, "Nataka mtu asiyenionea huruma."

Daktari amempa dawa ya shinikizo la damu na miwani, na hakuniahidi chochote. Baba mkubwa nilizungumza naye uani. Alinisikiliza, akasema sataranji hajui, akaondoka. Kumbe hajui! Siku ya kumbukumbu ya babu, ndugu wote wakiwa wameizunguka meza, niliwasha udi, nikainama mbele ya picha, nikamwambia babu kwa sauti kwamba mkewe anahitaji ubao wake, nikaushusha. Baba mkubwa alinitazama, kisha akasogeza vikombe vya chai ili ubao upate nafasi mezani.

Tukacheza, nikamfunga bibi vibaya sana mbele yao wote. Alinitazama kupitia miwani yake mipya. "Mjinga wewe," akasema, "miezi yote hii!" Akazipanga kete upya kwa hasira, na ile ya kwanza aliipiga hadi vikombe vikaruka.

Kufuli la geti bado lipo, baba mkubwa hajakubali kuliondoa. Lakini mimi nilikuwa na ufunguo wangu. Nimeufunga kamba, nikaandika namba yangu ya simu kwenye kibandiko, nikampa bibi. Sasa nikitoka ni mimi ninayegonga nikirudi, na jana niligonga sana, nikakaa chini nje kusubiri, maana bibi hakuwepo.