Kitambaa cha Lori la Sita

Tanuri la Kona,
Mtaa wa Mafundi Viatu.
Jumapili, tarehe 14 Juni.

Mpendwa binamu yangu Redio,

Salamu nyingi zikufikie ukiwa mzima, wewe na mkeo na yule binti yenu ambaye nasikia siku hizi anaongea kukushinda. Hujambo lakini? Sikio la kushoto linasemaje? Na mguu je, bado unakusumbua kukiwa na baridi? Usinijibu kwa neno moja kama ulivyofanya mwezi wa tatu. Mtu aliyeitwa Redio na kikosi kizima kwa sababu ya mdomo wake hawezi kuandika "Naendelea vizuri" halafu akaweka nukta.

Sisi huku tu wazima. Shemeji yako amenenepa na hataki lisemwe, kwa hiyo nimeliandika mapema kabla hajaja kuchungulia. Mama yako, shangazi yangu, amepata miwani mipya na sasa anaona kila kitu, hata visivyomhusu. Juzi alipita hapa akasema mikate yangu imekuwa midogo. Nikamwambia ni hiyo miwani, akaniangalia mpaka nikaongeza mmoja kwenye kikapu chake.

Kazi inakwenda. Lile tanuri la pili ambalo mlango wake ulikuwa haufungi, fundi wa kuchomelea amelitia bawaba mpya, na sasa natoa mikate mia mbili kabla watoto hawajaenda shule. Hakuna tena sajenti wa kunifokea mkate ukiungua. Nafasi hiyo ameichukua shemeji yako, na anaijua kazi kuliko sajenti.

Sasa kaa kitako, binamu. Nina furaha ambayo sijawahi kuwa nayo tangu tuvue magwanda, na ndani ya furaha hiyo kuna jambo litakalokuudhi sana. Nitaanza na furaha, uvumilie.

Rubani amekuja. Yule yule! Wiki tatu zilizopita, Jumanne saa nne asubuhi, mtu mrefu aliingia dukani, akanunua mkate mmoja, akasimama ameushika tu. Nikamuuliza kama una kasoro. Akauliza kama mimi ndiye niliyekuwa mwoka mikate wa kikosi cha darajani. Lugha yetu amejifunza kitabuni, anaongea polepole, kila neno analiweka mahali pake kama mtu anayepanga vikombe. Akasema: "Mimi ndiye niliyedondosha bomu. Namtafuta mtu wa redio nimwombe msamaha."

Unajua tulivyomchora mtu huyu kwa miaka tisa. Mara mlevi, mara kipofu aliyepewa ndege. Kumbe ni mpole, ana kipara, na anamwogopa paka wangu. Hajarusha ndege tangu siku ile. Kwao anaendesha basi la shule, na aliniambia kuwa huwahesabu watoto mara mbili wakipanda na mara mbili wakishuka, mpaka wenyewe wanamcheka.

Mengi ya hapa chini unayajua, lakini nitayaandika yote kwa mpangilio, usije ukasema nimerukaruka.

Asubuhi ile wewe ulikuwa ndani ya lori la sita na mitambo yako, pembeni kabisa, karibu na jiko langu. Ulimwambia rubani kwa redio kwamba malori ya darajani ni sita, yote yamefungwa kitambaa cha rangi ya chungwa juu ya turubai, ni yetu, asiyaguse. Akakuelewa. Alipopita juu akaona matano yana kitambaa, na moja limejitenga pembeni, halina kitu. Akadhani la sita letu halijafika, na hilo la pembeni ni la adui aliyejipenyeza. Alikuwa na sekunde chache za kuamua, akaamua.

Redio, kitambaa cha lori la sita nilikitoa mimi.

Upepo ulikuwa unavuma na vumbi jekundu, unakumbuka. Askari washirika thelathini, wa jeshi la kina rubani, walikuwa wanakuja kula nasi kwa sababu daraja lilikuwa limekwisha na tulikuwa tumelijenga pamoja. Nilikuwa na unga wa mikate arobaini unaumuka juu ya meza, na vumbi likaanza kuingia. Nilitafuta cha kufunikia nikakosa. Nikapanda juu ya lori, nikafungua kile kitambaa, maana kilikuwa kipana na kisafi, nikaufunika unga wangu. Nikajiambia ni dakika kumi tu, nitakirudisha. Wewe ulikuwa hatua nne kutoka kwangu, unaongea na washirika, na mimi sikutaka kukukatiza.

Yaliyofuata unayafahamu kuliko mimi. Nilikutoa ndani ya lile lori, ni kweli, na ningerudia hata leo. Mungu mkubwa, hakufa mtu. Lakini kitambaa kilipookotwa kwenye vifusi, kila mmoja alidhani ni mshindo wa bomu uliokirusha, na mimi nikajitia hamnazo. Jeshi letu likasema rubani ni mzembe. Jeshi lao likasema redio ilitoa habari za uongo. Mwisho tume ya pamoja ikaandika "makosa ya mawasiliano", ili pasiwepo wa kukasirika. Lakini mtu wa mawasiliano alikuwa mmoja tu, naye alikuwa wodini na bandeji kichwani.

Na unakumbuka wale washirika waliokuwa wakija kila asubuhi na makopo yao ya kahawa kubadilishana na mikate? Hawakuja tena. Mpaka vita vinakwisha wao walikuwa na jiko lao, sisi na letu. Ndege yao ikipita tulikuwa tunaacha kazi na kutazama juu, na nao wakiongea nasi kwenye redio walitaka kila kitu kirudiwe mara tatu. Mimi nilikuwa najua chanzo cha yote hayo, na nilikuwa nakoroga sufuria.

Kwa nini nilinyamaza? Mwanzoni niliogopa mahakama ya jeshi. Halafu wakanivika nishani kwa kukuokoa. Halafu mama yako akaja akanishika mikono yote miwili, akaniombea dua mbele za watu. Baada ya hapo nilikuwa mwoga tu, sina neno zuri zaidi la kujipamba nalo.

Karibu kila barua yako unaniita mwokozi wako, na kila mara unauliza swali lile lile, kama huenda ulihesabu vibaya. Mimi nakujibu habari za hali ya hewa. Basi leo nakujibu: hukuhesabu vibaya. Ulipohesabu, malori yalikuwa sita na vitambaa sita. Ulisema kweli. Rubani alikuamini na hakukosea kukuamini.

Nilimwambia yote palepale dukani, maana alikuwa amenyoosha mikono kuomba msamaha na mimi nikaona siwezi kuendelea kumtazama. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza unga ule ulikuwa wa nani.

"Wenu," nikasema. "Tulikuwa tunawapikia ninyi."

Alicheka, binamu! Alicheka mpaka akaegemea mifuko ya unga, shati likawa jeupe mgongo mzima, kisha kicheko kikageuka kilio. Shemeji yako, ambaye naye ndiyo kwanza alikuwa anayasikia haya, akaja na kiti. Akampa yeye. Mimi akaniacha nimesimama, na hakunisemesha siku mbili nzima.

Rubani aliondoka bila kuaga, nikajua ndiyo basi. Asubuhi yake nilimkuta mlangoni kabla sijafungua. Hakutaka chai wala kiti, alitaka kujua ofisi ya askari wastaafu inafunguliwa saa ngapi. Tukaenda pamoja, mimi nimejikaza kisabuni, yeye amechomekea shati utadhani anaenda kuoa.

Karani wa masjala alikuwa akipiga chapa huku mimi naeleza. Alipofika kwenye kitambaa akasimama, akauliza aandike kilichukuliwa kufunika nini. Nikamwambia unga unaoumuka. Akavua miwani, akanitazama, akamtazama rubani, na rubani akatikisa kichwa kwa heshima zote kwamba ndivyo. Basi imeandikwa hivyo hivyo, kwa mhuri wa serikali. Mimi nimetia sahihi, na yeye ametia sahihi kama shahidi. Nakala imo ndani ya bahasha hii. Tazama aya ya tatu, panaposema mwendesha redio alitoa taarifa sahihi na ile kauli ya "makosa ya mawasiliano" imefutwa. Nishani nimeirudisha. Watanifanya nini bado sijui, wakiniita nitakwenda.

Kwa mama yako nilikwenda Ijumaa. Nilimweleza nikiwa nimepiga magoti. Akavua kandambili, akanipiga nayo mara mbili begani, na kwa umri wake mkono bado una nguvu, mshukuru Mungu kwa hilo. Kisha akavaa ile miwani, akanitaka nimsomee nakala nyingine yenye mhuri mara tatu, akanipokonya, akatoka nayo mlango kwa mlango. Fundi viatu amesomewa, muuza mkaa amesomewa, mpaka mtu wa kuchukua taka amesimamishwa njiani akasomewa. Mtaa mzima sasa unajua kwamba mwanawe anajua kuhesabu. Alikuwa anacheka na kulia njia nzima, na watoto wanamfuata nyuma. Laiti ungemwona! Ile ndiyo furaha ninayoisema, na ni yako, mimi nilikuwa nimeikalia tu.

Rubani alikaa nasi siku tisa. Kukanda unga hajui kabisa, anaupapasa kama anaogopa kuuamsha, lakini kwenye kupanga mikate kwenye makreti simpati. Shemeji yako alimkabidhi ufunguo wa duka siku ya nne. Mimi alinirudishia wangu siku ya saba. Shule za kwao zikifunga mwezi wa nane atakuja tena, na anaomba, ukiweza, akae nawe uso kwa uso. Ukikataa hatalalamika. Amesema anataka tu kuisikia ile sauti bila mtambo katikati.

Nami sikuombi jibu. Ukitaka kunitukana, nitukane, karatasi unazo. Ukinyamaza mwaka mzima nitaelewa. Ila lile jina la mwokozi usilitumie tena, tafadhali, limenichosha mabega.

Nisalimie sana mkeo, na binti yako umbusu, umsomee aya ya tatu. Shangazi anakusalimu na ananiagiza niandike kwamba alikuwa anajua siku zote. Rubani anakusalimu kwa heshima. Mungu akulinde wewe na nyumba yako, akupe usingizi mzuri na asubuhi nyepesi.

Wako akupendaye, hata kama kwa sasa hutaki kupendwa naye,

Binamu yako, Mwoka Mikate.

Shemeji, ni mimi. Ameenda kuoga ndiyo nimepata nafasi ya kuongeza hapa chini. Hiyo ya kunenepa nimeiona, nitamshughulikia. Barua hii ameichana mara nne na kuianza upya. Mimi bado nina hasira naye kwa niaba yako, kwa hiyo wewe usiharakishe kumsamehe ati unaona aibu. Lakini chumba cha uani nimeshakifagia, godoro liko juani, na mama ameshaamua nani atalala wapi. Usimgombeze kwa barua, shemeji. Njoo umgombeze nyumbani.