Anayekushikia Kiwiko

Habaswein, Ijumaa

Kwa mume wangu Alio,

Assalamu alaikum. Sisi wazima. Yule ngamia mwekundu amezaa jike. Nakuandikia kwa sababu siku hizi simu yako anaipokea mke mwenzangu Nasteha, ati mkono wako hauinuki.

Ulienda Garissa kutibiwa bega kwa wiki mbili, na hii ni ya sita. Ulisema daktari wa mazoezi anataka uvute utepe wa mpira huku kiwiko kimebana taulo ubavuni, na mtu akishike kisitoke. Najua nani anakishika. Hata siku zisizo za mazoezi anakishika?

Bega hilo uliliumiza ukivuta maji kisimani kwangu. Nasteha ana mfereji.

Jana ndugu yako Diba alirudi kutoka huko. Anasema alikukuta juu ya kiti, ukimtundikia Nasteha mapazia kwa mkono uleule, huku ukicheka. Nimeshukuru Mungu, wallahi, umepona.

Sasa kisimani navuta mimi, na bega langu la kulia halinipi usingizi. Njoo unishikie kiwiko. Mpira uje nao, na lile taulo pia, ila taulo ulifue kwanza.

Mkeo wa kwanza,
Hinda