Mwavuli wa Watu Wawili

Mjukuu wangu Owor,

Huku Paya tu wazima, karanga zimechipua. Nasikia nyanya yako wa Masinya unampigia kila Jumapili. Simu yangu haijaharibika.

Uliuliza kwa nini atomu nyingine hupokonyana elektroni na nyingine hugawana. Zamani mimi na dada yangu tulienda sokoni chini ya mwavuli mmoja. Alinizidi nguvu kidogo, akauvutia kwake, bega langu likalowa. Wivu ule ninao bado! Kwenye maji, oksijeni huvuta elektroni za haidrojeni vivyo hivyo. Tungelingana nguvu, mwavuli ungekaa katikati. Angenizidi sana, angeuchukua mzima, kama klorini inavyoipokonya sodiamu elektroni yake, ikawa chumvi.

Wewe nawe tunakugawana, mimi na yule wa Masinya.

Bega langu limelowa.

Nyanya yako wa Paya