Hukufa kwa Uzee, Baba

Baba,

Wameandika kwenye msalaba wako kwamba ulikuwa na miaka sabini na minne, nami nimekasirika kiasi kwamba Jumapili niliondoka kaburini bila kuomba. Ulikuwa na sitini na saba. Wewe na mimi tunajua ile miaka saba ya ziada ilitoka wapi. Ulikuwa na miaka kumi na mitano, mrefu kuliko wenzako, na kule Timau kwenye mashamba ya ngano walitaka madereva wa trekta waliopita ishirini. Ukamwambia chifu una ishirini na miwili, naye akaandika. Uliisimulia kila Krismasi, ukicheka mpaka unakohoa. "Mimi nilizeeka siku moja, kwa ofisi ya chifu."

Sasa cheti cha kifo kimefuata kitambulisho, msalaba umefuata cheti, na Kariuki, mwanao mkubwa, ananiambia nisisumbue watu. Ati ni karatasi tu.

Si karatasi tu. Ulipoenda kliniki na miguu imevimba, yule kijana wa koti jeupe aliangalia kitambulisho kabla ya kukuangalia wewe. Mama alikuwepo. Anasema hakukugusa hata mguu. "Mzee, na hii miaka yako unataka kukimbia wapi? Hii ni uzee tu." Akakupa dawa za maumivu. Miezi minne baadaye, hospitali kubwa wakasema ni moyo, ulikuwa ukishindwa polepole, na dawa zake zipo hapa hapa Nyeri kama ungeletwa mapema. Na hata kama ungekuwa na sabini na minne kwelikweli, au mia moja, nani alisema uzee ni jina la ugonjwa?

Linaniuma zaidi kwa sababu kuchunguza uzee ndiyo kazi yangu. Ulipenda kunitania mbele ya wageni: "Huyu Mami wangu amesomea panya mpaka shule ikaisha." Uliniita Mami kwa kuwa nina jina la mama yako. Na ni wewe uliyenianzisha, pale nyumbani Gatitu, ukitega fuko kwenye viazi kwa kamba na kijiti ulichokipinda. Ulisema fuko hazeeki upesi kama panya kwa sababu hakuna anayemwona. Nilidhani ni utani.

Nilipofika maabara nikakuta hukukosea sana. Panya huishi miaka miwili, mitatu. Yule fuko asiye na manyoya, wa maeneo makavu kuelekea Isiolo, hupita thelathini, na jeni zake nyingi ni zilezile za panya. Panya huliwa mapema na mwewe au paka, kwa hiyo jeni ambazo zingeutengeneza mwili wake uzeeni hazipati nafasi ya kumfaa, na kizazi baada ya kizazi hakuna kinachozilinda. Aliyejificha chini ya ardhi huishi, huendelea kuzaa akiwa mkubwa, na kinachomtunza hurithiwa na watoto wake. Popo naye ni hivyo hivyo, kwa sababu huruka akawakwepa wanaomla. Katika wanyama wote niliowalinganisha, sijaona jeni iliyowekwa ili kusema sasa huyu afe. Nimeona kupuuzwa tu. Mnyama akishamaliza kuzaa, maumbile huacha kumwangalia.

Maumbile hayana macho, siyadai kitu. Yule kijana alikuwa nayo.

Na mimi nilikuwa nayo. Baba, hili sijamwambia mtu. Mwezi mmoja kabla ya kliniki ulinipigia simu. Ukasema, "Mami, gambuti zimekataa kuingia miguuni. Na nikipanda kutoka mtoni napumua kama ng'ombe." Nilikuwa mbele ya kompyuta, jeni za fuko upande huu, za panya upande ule. Nikakujibu bila kuinua macho, "Ni uzee, Baba. Pumzika." Mimi, niliyejua miaka yako ya kweli. Ukasema sawa, ukaniuliza kama nimekula.

Nimemtukana yule kijana tangu tukuzike, kwa sababu yeye ni rahisi kumtukana.

Msalaba nitaubadilisha, Kariuki apende asipende. Nimeshaongea na fundi. Lakini hiyo ni mbao na rangi. Ahadi yangu kwako ni nyingine. Juzi Mama alisema amechoka, akawahi kujijibu mwenyewe kwamba ni miaka. Nilifunga kompyuta. Nikamvua viatu, nikabonyeza kifundo cha mguu kwa kidole kuona kama shimo litabaki, kama linavyobaki kwenye mguu uliovimba. Nikamuuliza ilianza lini. Alinitazama kama mtu aliyesubiri swali hilo siku nyingi, kisha akaongea mpaka chai ikapoa. Jumatano nampeleka hospitali, na nitakaa pale ndani naye. Hakuna atakayemwambia ni uzee kabla hajamgusa, na wa kwanza kukatazwa ni mimi.

Kwaheri, Baba. Ulikuwa mgonjwa, na ulituambia.

Mami wako,
Wangeci