Kwa Hesabu ya Kodi, Bado Unaishi kwa Mama

Mtaa wa Tatu, Vesely,
Kaunti ya Brandt, Nebraska.
11 Aprili 2023

Mpendwa mdogo wangu Delmar,

Pokea salamu kutoka huku kwenye upepo. U hali gani? Mkeo Yolanda hajambo? Mgongo wako bado unavumilia lori? Sisi tunajikongoja. Mama alianguka kwenye ngazi mwezi wa pili, sasa anatembea kwa fimbo. Mimi ni mzima, ila nimechoka, tena nimechoka hata kusema nimechoka.

Jirani zetu akina Hruska wamehamia Omaha. Zahanati nayo imefungwa, kwa hiyo kila Jumanne nampeleka Mama kwa daktari, maili sabini kwenda, sabini kurudi. Nimepata nyumba mjini Kearney, haina ngazi, hospitali iko jirani. Mwenye nyumba atatungoja hadi mwisho wa mwezi tu. Mama hataki kusikia, na sababu ni wewe.

Wiki iliyopita binti mmoja wa chuo kikuu alikuja kanisani kutuonyesha jedwali la watu wanaohama kaunti hadi kaunti. Alisema serikali hulinganisha anwani uliyojaza kwenye fomu ya kodi mwaka jana na ya mwaka huu. Zikiwa kaunti moja, hujahama. Kwetu wengi wanatoka, na kipato chao wanatoka nacho. Mama akasimama.

"Basi Delmar wangu hajahama! Barua zake za kodi zinakuja kwangu!"

"Mchungulie chini ya kitanda, Bibi Kucera, huenda bado amelala!" akadakia Verdell wa duka la mbegu.

Watu walicheka sana. Mama hakucheka. Tangu siku hiyo, nikitaja Kearney tu, ananikata: "Mtoto akirudi atamkuta nani? Hata serikali inajua anakaa hapa."

Zamani nilikuelewa. Ulikuwa unalala kwenye lori, ukahitaji pa kupokelea barua. Lakini mmenunua nyumba Tucson mwaka wa nne huu, na mimi ndiye ninayemficha Mama jambo hilo. Inaniuma, Delmar, na hasira ninayo.

Fomu ya mwaka huu inatakiwa wiki ijayo. Andika Tucson. Ila kabla ya hapo mpigie Mama simu. Nikimwambia mimi atasema nakusengenya. Mpigie Jumapili baada ya ibada, umwambie kwamba hutarudi, halafu usikate simu akianza kulia. Uliondoka miaka sita iliyopita, lakini kwake utakuwa unaondoka Jumapili hiyo. Mimi nitakaa karibu yake, nimshike mkono, na Jumatatu nitaanza kufunga mizigo.

Nisalimie sana Yolanda na mama mkwe wako. Binti yangu Janelle anakusalimu. Mungu akutangulie barabarani.

Ni mimi dada yako, nikupendaye pamoja na hasira zangu,

Arlys