Kiti cha Kulwa

Bariadi, 14 Agosti. Wiki ya kumi na moja tangu niwaache.

Mama Zawadi, hamjambo na watoto? Nina hasira. Kulwa, binti wa mwenye nyumba wangu, anasomea ubunifu chuoni. Kwa mtihani wake alitengeneza kiti cha fito na magunia ya pamba, mimi nikawa wa kukijaribu. Cha kwanza kilinichanikia, akasuka magunia maradufu. Cha pili kikanibwaga, akapanua miguu. Cha tatu nasinzia humo nikitoka kubeba marobota ya pamba kiwandani. Jana mwalimu wake alikuja nyumbani kukikagua, akasema, "Hiki umekinunua. Kama ni kazi yako, vya majaribio vilivyoharibika viko wapi?" Mama yake alishavifanya kuni! Nikamwonyesha kiwiko changu kilichochubuka: "Mwalimu, viko hapa." Akacheka, akampa sifuri.

Jumatatu nakwenda chuoni kumtetea Kulwa. Msimamizi wa kiwanda anasema siku hiyo nitaifidia kwa kazi ya wiki nzima zaidi, kwa hiyo nitegemeeni mwanzoni mwa Oktoba, si mwishoni mwa Septemba. Nivumilieni, wapenzi wangu.